Mtoto Mkimya Si Mjinga: Jinsi ya Kujenga Hali ya Kujithamini kwa Watoto wa Chekechea

Kila Januari walimu wa PP1 katika wadi zetu hupokea watoto wa miaka minne ambao kwa wiki kadhaa hawasemi neno. Wakiulizwa jina, wanaangalia sakafu. Wakiulizwa rangi ya kikombe, wanatafuna ukosi wa sweta. Kufikia mwisho wa muhula, baadhi yao wameshabandikwa sifa: huyu ni mzito, huyu hajui kitu. Sifa hiyo humfuata mtoto hadi PP2, kisha Gredi ya Kwanza, na yeye mwenyewe huisikia kabla ya kujua maana yake.

Somo la toleo hili limeandikiwa hasa walimu wa chekechea, ila mzazi au mlezi anayelisoma akisubiri gari la majani kwenye kituo cha kununulia chai pia linamhusu. Linazungumzia hali ya kujithamini, yaani mtoto kujiona kuwa mtu anayefaa, anayependwa na anayeweza kufanya jambo likafanyika. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini Januari 2019 kuanzia chekechea hadi Gredi ya Tatu, umeweka kujiamini kuwa mojawapo ya umilisi saba wa msingi. Nayo Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea. Kwa hivyo hili ni jukumu letu sawa na ujenzi wa madarasa, ingawa haliwezi kupigwa picha na kuzinduliwa kwa kukata utepe.

Utafiti uliofanyika kwa Wakipsigis wenyewe

Mapema miaka ya 1970, watafiti wawili Wamarekani, Sara Harkness na Charles Super, waliishi katika jamii ya wakulima Wakipsigis katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Katika maandishi yao waliiita jamii hiyo Kokwet, neno ambalo kila msomaji wetu analijua kwa maana ya ujirani. Walitaka kupima jinsi watoto wanavyokua kiakili, wakatumia kipimo rahisi: mtu mzima anamsimulia mtoto hadithi fupi, kisha anamwomba aisimulie tena.

Kipimo kikawashinda. Watoto wengi, hasa wadogo, walinyamaza. Watafiti wangeweza kuandika kwamba watoto wa Kipsigis wana upungufu wa lugha au wa kumbukumbu, kama wengine walivyoandika kuhusu watoto wa Kiafrika kabla yao. Badala yake walijiuliza kwa nini watoto hao hao, wakiwa na wenzao malishoni au uani, wanapiga soga na kucheka bila kukoma. Mwaka wa 1977 walichapisha jibu lao. Mtoto wa Kokwet alilelewa kusikiliza anapozungumziwa na mkubwa, kuelewa, kisha kutenda. Mama humwambia alete kuni, amwangalie mtoto, amfukuze ndama asile mahindi. Mtoto anayeelewa haraka na kutenda huonyesha akili yake kwa njia hiyo. Kumsimamia mtu mzima asiyemfahamu na kumsimulia hadithi ambayo mtu huyo ametoka tu kuisema yeye mwenyewe lilikuwa jambo geni, tena karibu na utovu wa adabu.

Watafiti hao walisikia pia neno ambalo bado tunalo: ng'om, yaani mwenye akili. Wazazi wa Kokwet walilitumia kwa namna mbili. Kuna mtoto ambaye ni ng'om en sukul, mwenye akili shuleni, na kuna ng'om en ga, mwenye akili nyumbani. Huyu wa pili ni yule anayeona kazi inayohitaji kufanywa na kuifanya bila kutumwa: amekula, akaona sakafu chafu akafagia, akasikia mtoto mchanga akilia akaenda kumbembeleza. Wazazi walijua kwamba mtu anaweza kuwa na akili ya aina moja na asionyeshe ile nyingine.

Miaka hamsini imepita na mengi yamebadilika. Kuna simu, kuna redio zinazozungumza Kikalenjin mchana kutwa, na wazazi wengi wamesoma. Hata hivyo, mwalimu yeyote wa chekechea aliye mkweli atakiri kwamba bado anapokea watoto ambao ni ng'om en ga na wananyamaza darasani kwa sababu ya adabu. Darasa linapoichukua adabu hiyo kuwa ujinga, mtoto huanza kujifunza kwamba kile alichokuwa anasifiwa nyumbani hakina thamani hapa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo watoto wengi wa eneo letu huanza kupoteza hali ya kujithamini, mapema sana, na bila mtu yeyote kuwachapa wala kuwatusi.

Kumfanya mtoto azungumze bila kumlazimisha

"Simama! Sema kwa sauti! Wenzako wakusikie!" Amri hizi humfanya mtoto mwenye haya azidi kujikunja. Jaribu njia nyingine. Keti kwenye mkeka au kigoda ili uso wako ulingane na wake, na muwe na kazi mikononi, kwa mfano kuchambua maharagwe na mahindi katika vikombe viwili. Usimtazame machoni muda wote. Zungumza kidogo kuhusu kazi yenyewe, kisha nyamaza. Mara nyingi sentensi ya kwanza ya mtoto hutoka wakati mikono yake ina shughuli.

Hadithi nayo isirudishwe kwa mwalimu. Mwambie mtoto amsimulie mwenzake ambaye jana hakuja, au mwanasesere wa matambara anayedaiwa kuwa alikuwa amelala. Hapo swali linakuwa na maana, kwa kuwa kuna mtu ambaye kweli hajui. Mwalimu husikiliza akiwa pembeni, akiandika maendeleo ya mtoto.

Pia pokea jibu la mkono. Ukiuliza kikombe chekundu kiko wapi na mtoto akakileta, amejibu. Mshukuru, taja ulichokiona ("umekileta kile chekundu, kilichokuwa nyuma kabisa"), na uendelee. Maneno yatafuata.

Jina lake, na walioitwa naye

Katika darasa la watoto arobaini ni rahisi kumwita mtoto "wewe wa sweta ya kijani." Jina ndicho kitu cha kwanza ambacho mtoto anamiliki, na katika nchi yetu ya majani chai majina yamebeba habari. Kiprotich alizaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani, Kipng'etich wakitoka kwenda malishoni asubuhi. Chebet ni wa mchana. Cherop alikuja na mvua, na kwa jinsi mvua ya Kericho inavyonyesha, hatushangai kuwa Cherop ni wengi. Zaidi ya hayo, kwa desturi ya Wakipsigis, wanawake wazee hutaja majina ya wahenga mbele ya mtoto mchanga hadi apige chafya, na hilo huwa jina lake la kurenet.

Sasa nenda kwenye darasa lililo karibu na kambi za wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai. Hapo kuna watoto wa Kipsigis, Kisii, Kiluo na Kiluhya kwenye mkeka mmoja. Waombe wazazi wamweleze mtoto kwa nini aliitwa alivyoitwa, kisha mtumie siku kadhaa kuzungumza kuhusu majina, watoto watatu au wanne kila siku. Itagunduliwa kwamba Otieno na Kipkemoi wote ni wa usiku, na kwamba Akoth na Cherop ni mvua ile ile. Watoto hufurahia jambo hili kupita kiasi. Wanaanza kuitana "mwenzangu wa mvua." Mtoto ambaye wazazi wake walihamia hapa kutafuta kazi, na ambaye pengine ameshaambiwa kuwa yeye ni mgeni, anapata mahali pa kusimama.

Tahadhari moja: kuna watoto walioitwa kwa sababu ya huzuni, au wanaoishi na nyanya kwa kuwa mama hayupo. Zungumza na mlezi kwanza, kando. Na mtoto ambaye hana hadithi ya jina anaweza kupewa nafasi ya kusema ni nani humwita jina hilo kwa sauti anayoipenda zaidi.

Anaposema "pata" akimaanisha bata

Watu wazima hujichekea kuhusu jambo hili, lakini kwa mtoto wa miaka minne linauma. Katika lugha ya Kipsigis sauti p na b hazitenganishi maneno, wala t na d, wala k na g, na sauti za f, v na z hazimo. Mtoto aliyelelewa kwa Kikipsigis akisema "pata" anapoona picha ya bata, au "sawati" kwa zawadi, sikio lake linafuata kanuni za lugha anayoijua vizuri sana. Yaani kosa lenyewe ni ushahidi kwamba amejifunza lugha moja kikamilifu.

Darasa likicheka, mwalimu asicheke, hata kwa upendo. Arudie neno sahihi ndani ya jibu lake mwenyewe: "Ndiyo, ni bata. Bata huyu anaogelea wapi?" Mtoto amesikia matamshi, na hakuna aliyeaibishwa. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, mwelekeo wa sera nchini umekuwa kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha inayotumika katika eneo la shule. Kijijini kwetu hiyo ni Kikipsigis, na kambini mara nyingi ni Kiswahili. Wako wazazi wanaodai Kiingereza kuanzia siku ya kwanza, na shule za binafsi zinazowatangazia hivyo kwenye mabango. Mwalimu ana haki ya kuwaeleza kwamba mtoto hujenga lugha ya pili juu ya ile ya kwanza, na kwamba salamu ya "Chamgei" mlangoni asubuhi haijawahi kumzuia mtu kujifunza Kiingereza.

Mpe kazi ya kweli

Mtaalamu wa saikolojia Erik Erikson alieleza kwamba kati ya takriban miaka mitatu na sita mtoto hupigania kuanzisha mambo mwenyewe, na kwamba akizuiwa au kukaripiwa kila mara hubaki na hisia ya hatia. Wakulima wa Kokwet hawakumhitaji Erikson kulijua hilo. Walimpa mtoto kazi.

Darasa linaweza kufanya vivyo hivyo. Kugawa vikombe vya uji kwa kuhesabu, kikombe kimoja kwa kila mtu, ni hesabu na heshima kwa pamoja. Kumwagilia miche, kupanga viatu mlangoni wakati wa matope, kumwonyesha mtoto mgeni choo kilipo, kufunga mlango upepo ukivuma: zote ni kazi ambazo zisipofanywa kitu fulani kitaharibika, na mtoto anajua hivyo. Hii ndiyo tofauti kati ya kazi ya kweli na kazi ya kumpumbaza. Akipewa kitambaa kufuta meza iliyokwisha kufutwa, hadanganyiki.

Kazi izunguke kila wiki. Mwalimu hujikuta akimpa vikombe mtoto yule yule mchangamfu, kwa sababu hamwagi. Wiki hii mpe anayemwaga, na umjazie nusu. Wavulana wagawe uji na wasichana wafunge lango, si kinyume chake kila siku. Wala kazi isitumiwe kama adhabu, kwa kuwa mtoto aliyefagia kwa kuadhibiwa hawezi kujivunia ufagio kesho yake.

Hapa lazima niongeze jambo kwa sababu tuko tulipo. Kumpa mtoto jukumu dogo la nyumbani au darasani ni malezi. Kumpeleka kuchuma majani chai ili kuongeza kilo ni ajira ya watoto, na sheria inaikataza.

Sifa zinazojenga na sifa zinazobomoa

Mwaka wa 1999 Melissa Kamins na Carol Dweck walichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto wa miaka mitano na sita. Kwa michezo ya kuigiza, watoto walifanya kazi ndogo wakafaulu. Baadhi walisifiwa wao wenyewe: wewe ni mtoto mzuri, wewe ni hodari. Wengine walisifiwa kwa bidii au kwa njia waliyotumia. Kisha wote wakakutana na kazi ambayo haikwenda vizuri. Wale waliosifiwa utu wao walijiona vibaya zaidi na walielekea zaidi kukata tamaa kuliko waliosifiwa bidii. Ikiwa nilikuwa mzuri kwa sababu nilifaulu, mtoto anafikiri, basi nimeshindwa na mimi si mzuri.

Nasi tunapenda makofi ya kilo. Sina neno dhidi ya makofi, yanachangamsha darasa saa nne asubuhi wakati baridi imeingia miguuni. Lakini angalia ni nani huyapata. Mtoto asiyewahi kupigiwa makofi muhula mzima amepewa ujumbe. Badala ya "wewe ni namba moja," sema ulichokiona: "Umejaribu kufunga kitufe mara tatu hadi kikaingia." Sentensi hiyo haihitaji mtoto mwingine awe wa mwisho.

Kuhusu kuwapanga watoto wa chekechea kwa nafasi, wa kwanza hadi wa arobaini, mtaala hauhitaji hivyo. Mzazi akiuliza "amekuwa namba ngapi?", mwonyeshe kazi ya mtoto ya Februari na ya Juni, moja kando ya nyingine. Wengi huridhika wanapoona mistari iliyokuwa ikikimbia ukurasa mzima sasa imekaa ndani ya duara.

Aibu inayotoka kwa watu wazima

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtendea mwanafunzi kwa njia ya kikatili au ya kudhalilisha, iwe ni kwa mwili au kisaikolojia. Walimu wengi wanajua kuhusu kiboko. Nusu ya pili husahaulika.

Mtoto aliyejikojolea huaibika kuliko tunavyodhani. Asubuhi za huku ni baridi, choo kiko mbali, na wengine huogopa shimo. Weka suruali mbili tatu za akiba kwenye sanduku, mtoe mtoto taratibu kama anayetumwa, na jambo liishie hapo. Asitajwe mchana, wala asiambiwe mama yake langoni mbele ya wazazi wengine.

Suala la pesa ni zito zaidi. Malipo ya chai kwa wakulima wadogo na mishahara ya kambini hayaji kila siku, na kuna wiki ambazo nyumba haina kitu. Kusoma majina ya wasiolipa pesa za uji mbele ya darasa, au kumwambia mtoto wa miaka mitano "mwambie babako alete pesa," ni kumbebesha deni ambalo hakulikopa na hana uwezo wa kulilipa. Zungumza na mzazi kwa simu. Hali ni hiyo hiyo katika sherehe za kufuzu PP2, ambazo zimekuwa na majoho, keki na mpiga picha. Ikiwa kuna mtoto mmoja atakayeketi kando kwa sababu joho lake halikulipiwa, wote wavae sare.

Ukimya unaohitaji msaada

Si kila ukimya ni adabu. Muulize mlezi swali moja: akiwa nyumbani na ndugu zake, anaongea? Akijibu kwamba huongea sana, mpe mtoto muda na ufuate yaliyosemwa hapo juu. Akisema hata nyumbani mtoto haongei, au haitiki akiitwa kutoka nyuma, au hutokwa na usaha masikioni, apelekwe kituo cha afya apimwe masikio. Maambukizi ya masikio hupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi au mzito. Watoto wanaohitaji uchunguzi zaidi wa uwezo wa kujifunza hupelekwa katika vituo vya tathmini na rasilimali za elimu, vinavyojulikana kwa kifupi kama EARC. Mwalimu mkuu au afisa wa elimu ataeleza kilicho karibu.

Angalia hasa mtoto aliyekuwa akicheka na kuzungumza, kisha akanyamaza ghafla, akawa anashtuka akiguswa au anakataa kurudi nyumbani. Huyo usimhoji mbele ya wenzake, wala usimwahidi kuweka siri. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, mwarifu mwalimu mkuu na afisa wa watoto siku hiyo hiyo. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, na haitozwi malipo.